Somo: Kuchuma mbegu za alnasi bila kupoteza utofauti wa vinasaba

Somo hili ni la wenye vitalu wa Kabale, Kisoro, Rubanda na Rukiga, kusini magharibi mwa Uganda, na yeyote anayeotesha alnasi (miti ya jenasi Alnus, kwa Kiingereza alder) kwenye milima yetu. Kitalu huharibika mapema, siku ile ya kuchuma mbegu. Ukichuma kwenye mti mmoja mzuri ulio kando ya barabara, miche yako yote ni ndugu wa mama mmoja. Wakulima watakaoinunua wataipanda kwenye kilima kimoja, itachavushana yenyewe kwa yenyewe, na watoto wa kizazi kinachofuata watazaliwa na damu ya karibu mno. Hapo ndipo utaona mbegu tupu zisizo na kitu ndani, miche iliyodumaa na shina zilizopinda, na watu wataulaumu udongo.

Kumbukeni pia kwamba alnasi si mti wa asili wa Uganda. Barani Afrika unaota porini kaskazini tu, Morocco, Algeria na Tunisia. Huku kwetu tunazo hasa aina mbili: Alnus acuminata, ambayo kwao ni kuanzia Mexico hadi kaskazini mwa Argentina, na Alnus nepalensis ya Himalaya. Zililetwa kwa kilimo mseto, zirudishe rutuba sehemu ya juu ya matuta ambako udongo umechoka, zitupe kuni na vijiti vya kushikilia maharage yanayotambaa kwenda juu. Lakini kilicholetwa ni mbegu tu, tena ni sehemu ndogo ya kilichopo porini. Huko Andes alnasi ile ile inaota kwenye mabonde yenye joto kiasi na juu kabisa kwenye baridi ya umande ulioganda, na miti ya pande hizo mbili haifanani kwa vinasaba, yaani chembe za urithi. Kwa hiyo tulichonacho tukitunze.

Hatua ya kwanza: ijue unayoichuma. Acuminata ina jani lenye ncha na ukingo wa meno meno yanayoonekana wazi, na koni zake, yaani vitunda vyake vigumu vinavyobeba mbegu, ziko chache kwenye kikonyo. Nepalensis ina jani ambalo ukingo wake ni laini au una meno hafifu sana, na koni zake ni nyingi, zimesimama kwenye vishada vyenye matawi. Koni za aina mbili zisiingie gunia moja hata kidogo.

Hatua ya pili: elewa baba anatoka wapi. Mti mmoja wa alnasi una maua ya kiume, yale marefu yanayoning'inia, na ya kike, yale madogo yanayogeuka koni. Chavua inabebwa na upepo, na mara nyingi ua la kike linaikataa chavua ya mti wake wenyewe. Maana yake mti uliosimama peke yake uwanjani, hata uwe mnene na umejaa koni, mara nyingi hutoa mbegu nyingi tupu. Uruke. Tafuta miti iliyo ndani ya kundi kubwa, yenye majirani wengi.

Hatua ya tatu, na hapa ndipo ninapowaomba msifanye haraka: chagua miti mama isiyopungua 30, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa angalau mita 50, ikiwezekana 100. Umbali huo una sababu. Mbegu za alnasi ni nyepesi, nyingi zinaanguka karibu na mama, kwa hiyo miti iliyosongamana huenda ni ndugu. Kwenye mashamba yetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mstari mzima wa mpakani unaweza kuwa umetoka kwenye trei moja ya kitalu. Waulize wenye mashamba miche yao waliipata wapi. Vuka kilima, nenda parokia nyingine, shirikianeni vitalu vitatu au vinne mbadilishane mbegu.

Hatua ya nne: chuma koni zinapoacha kijani na kuelekea manjano na kahawia, kabla hazijafunguka. Zile nyeusi ngumu zilizobaki mtini ni za zamani na zimekwisha kumwaga mbegu. Anika kwenye turubai mahali pasipo na upepo, kisha tikisa. Kila mti na mfuko wake wenye namba.

Hatua ya tano: pima sawasawa. Kilo moja ya mbegu safi ina mbegu zaidi ya milioni moja, kwa hiyo mti mmoja unaozaa sana unaweza kuwameza wengine 29 bila wewe kujua. Otesha kila mama kwenye trei yake, kisha unapohamishia kwenye vifuko chukua idadi sawa kutoka kila trei na uchanganye. Mbegu hazikai muda mrefu kwenye joto la nyumba; zisizooteshwa mapema ziwekwe kwenye friji zikiwa kavu.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kisoro: Mwalimu, mti ulionyooka kuliko yote si ndio wenye mbegu bora? Kwa nini nichume na ya wastani?

Chuma kwenye iliyonyooka, ndugu yangu, lakini iwe mingi. Unyoofu unaouona umetokana na vinasaba na pia mahali mti ulipoota. Miti iliyopinda kabisa na yenye magonjwa iache.

Kutoka Rukungiri: Nina acuminata na nepalensis jirani. Baadhi ya miche majani yake yako katikati. Je, ni chotara?

Jani la mche halitoshi kuhukumu. Linabadilika kwa umri, kivuli na rutuba. Wataalamu kwa muda mrefu wameziweka aina hizi mbili kwenye makundi tofauti ya jenasi, na kwao Himalaya nepalensis huchanua majira ya vuli, tofauti na alnasi nyingi. Subiri koni kabla ya kutoa jina. Wakati huo huo, usichume mbegu kwenye mpaka wa mashamba hayo mawili. Ingia ndani ya kundi la aina moja.

Uchotara wa porini wenyewe ni jambo la kweli kabisa. Ulaya, Alnus glutinosa, yenye jani butu lenye mkato kwenye ncha, hukutana na Alnus incana, yenye jani la ncha na vinyweleo vya kijivu chini, na chotara wao huwa na sura ya katikati. Akizaa tena na mmoja wa wazazi, sura inarudi upande mmoja ilhali vinasaba vya upande wa pili vimebaki ndani. Ndiyo maana watafiti husoma DNA za aina mbili: ya kloroplasti, zile chembe za kijani za jani, inayotoka kwa mama kupitia mbegu, na ya kiini cha seli, inayotoka kwa wazazi wote. Zikipingana, uchotara umefichuka. Kuna hata alnasi za Hispania, Ureno na Balkani zenye kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 56 badala ya 28 za kawaida, ambazo mwaka 2017 zilipewa majina ya spishi zake zenyewe.

Kutoka Kabale: Kwa nini nisikate vipandikizi vya mti mmoja bora, miche yote ifanane?

Mama, kufanana huko ndiko ninakokuogopa. Mwaka 1993 Uingereza iligundulika kuwa alnasi za kando ya mito zinakufa kwa kimelea cha jamii ya Phytophthora, ambacho baadaye kilionekana katika nchi nyingi za Ulaya. Kimelea chenyewe ni chotara wa asili, kilichozaliwa na vimelea viwili vilivyokutana. Adui wa namna hiyo hubadilika. Shamba la mti mmoja uliorudiwa mara elfu likipata ugonjwa linaweza kwenda lote. Lenye mama 30 lina nafasi ya kubakiza miti itakayostahimili. Vipandikizi fanya, ila vya miti mingi.

Kutoka Kapchorwa: Miche yangu ni ya manjano na mizizi haina vinundu. Mbegu ni mbaya?

La, huenda inakosa bakteria wa Frankia, wanaoishi kwenye vinundu na kuipa naitrojeni. Pata udongo kidogo kutoka chini ya alnasi wakubwa wenye afya, uchanganye na udongo wa vifuko. Udongo huo nao uuchote chini ya miti kadhaa, na usichote penye miti inayokauka.