Diski ya picha za kupamba, na namna ninavyoifunga

Kazi yangu ni kupiga picha za kupamba hapa Mombasa. Kwa asiyejua, kupamba ni usiku wa wanawake peke yao: bi harusi amekalishwa jukwaani, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, mikono imejaa piko na hina. Mlangoni hukaa shangazi mmoja mkali na kikapu chake, anakusanya simu. Kamera inayopita ni moja tu, na ni yangu.

Miaka michache nyuma nilisahau mkoba ndani ya tuktuk nikitoka Majengo. Mlikuwa na chaja, leso, na hadidiski ya terabaiti 2 yenye kupamba kumi na moja. Kesho yake baada ya adhuhuri dereva aliuleta mwenyewe, hakijapungua kitu. Nikampa bahashishi, nikamwombea dua, kisha usiku sikulala. Leso ikiibwa utaona haipo. Picha ikinakiliwa haipungui. Mpaka leo sijui kama ile diski ilichomekwa mahali usiku ule, na huenda yule dereva hakujua hata ni kitu gani.

Shoga yangu alinituliza: "Si laptopu yako ina neno la siri?" Ina. Lakini kufuli hilo ni la laptopu, diski ya nje halijui. Usiniamini mimi, jaribu: chomeka diski yako kwenye kompyuta ya jirani. Folda zikifunguka bila kuulizwa lolote, diski yako iko wazi kwa yeyote atakayeiokota. Kuficha folda hakusaidii pia, kwa kuwa kompyuta ya mwingine inaweza kuambiwa ionyeshe vilivyofichwa. Kinachosaidia ni kuisimba diski nzima, yaani kila kilichomo kigeuzwe fumbo lisilosomeka mpaka neno la siri litiwe.

Tazama kwanza Windows yako ni ya aina gani. Ikiwa ni Pro, una BitLocker tayari, programu ya Windows yenyewe ya kusimba diski: bofya diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuiwasha BitLocker, tia neno la siri. Itakupa na ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uchapishe kwenye karatasi. Ikikuuliza isimbe sehemu iliyotumika tu au diski nzima, na diski yako imeshawahi kubeba kazi, chagua nzima. Picha ulizofuta zamani bado zimelala katika ile sehemu inayoonekana tupu, na programu za kurudisha mafaili huziamsha. Wenye Mac wao watie alama kwenye chaguo la kusimba wanapoiandaa diski ya Time Machine, ile programu ya Mac ya kuweka nakala za akiba, basi.

Mimi nina Windows Home. Hiyo inaweza kufungua diski iliyosimbwa kwa BitLocker kwingine, ila yenyewe haikupi njia ya kuisimba. Kwa hivyo natumia VeraCrypt, programu ya kusimba ambayo ni ya bure, inatumika Windows, Mac na Linux, na imekuwapo tangu 2013. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, si kwa flashi ya mtu.

Sasa hapa nenda polepole, maana njia hii hufuta kila kitu kilichomo diskini. Mimi nilinunua diski ya pili, mpya, nikaanza na hiyo ikiwa tupu. Ndani ya VeraCrypt bonyeza "Create Volume", kisha chagua lile la kati, "Encrypt a non-system partition/drive". La tatu usiliguse, hilo ni la diski ya mashine yenyewe. Utaonyeshwa orodha ya diski. Usitazame herufi ambayo kompyuta imeipa kila diski, tazama ukubwa. Ukichagua vibaya utafuta diski nyingine na hakuna wa kumlaumu. Aina za usimbaji ziache kama zilivyo. Ikiuliza kama utaweka mafaili yanayozidi gigabaiti 4, jibu ndiyo, kwani video moja ya kuingia kwa bi harusi yaweza kuzidi. Halafu utaambiwa uchezeshe mausi ovyo ovyo mpaka mstari ujae. Si mchezo huo, ndiko kunakoufanya ufunguo wako usiweze kukisiwa. "Quick Format" iache bila alama. Terabaiti 2 huchukua saa nyingi; mimi niliianza baada ya isha nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nilifungua diski mpya, nikanakili kazi zote kutoka ile ya zamani, nikafungua picha za kila folda, za mwanzo na za mwisho, nikahakikisha zi nzima. Hapo ndipo nilipoifuta ya zamani na kuisimba vilevile. Nikawa na mbili.

Neno la siri ndilo watu hulifanyia uvivu. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa halifai, wala methali, wala mstari wa taarabu, kwa sababu programu za kubahatisha hujaribu misemo inayojulikana. Nilifungua kamusi macho nimefumba, nikaweka kidole, mara sita. Hupatikana kitu kama "ngalawa sufuria mjusi kodi dirisha pilipili". Hilo usilitumie, limeshasomwa na watu. Na ukipata neno usilolipenda usilibadilishe. Ukianza kuchagua, unarudi kwenye yale yale ambayo kila mtu angeyachagua.

Liandike. Najua tumefundishwa tusiandike, lakini diski hizi hazina fundi wa kukufungulia ukisahau. Kazi zote zimekwenda. Karatasi yangu iko ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi, sandukuni kwa mamangu Likoni, ng'ambo ya feri. Kosa ni kuiweka kwenye mkoba mmoja na diski.

Jambo moja nusura linitie hasara. Ukichomeka diski ya VeraCrypt, Windows haiitambui, nayo hukuambia uiformati, yaani uiandae upya kama diski tupu, kabla ya kuitumia. Mpwa wangu, kijana msaidizi kweli, alikuwa ameshapeleka mshale kwenye kitufe. Nilipiga ukelele jirani akaja. Bonyeza "Cancel" kila mara, kisha fungua VeraCrypt, chagua herufi, chagua diski, "Mount", tia neno la siri, subiri kidogo. Tangu siku hiyo nimebandika plasta juu ya diski: USIFORMATI. Pia, kwenye menyu ya "Tools" kuna "Backup Volume Header", yaani kutoa nakala ya kichwa cha diski, kile kipande chenye taarifa za kuifungulia. Kichwa hicho kikiharibika, hata neno sahihi halifungui, kwa hiyo nakala yake ihifadhi kwenye flashi.

Kumbuka diski ikiwa imefunguliwa imefunguliwa kwa wote. Virusi wa kudai fidia wakiingia mashineni wataifikia nayo. Nakili, ifunge, chomoa. Diski zangu mbili hupeana zamu, moja nyumbani na moja kwa mamangu, hazikutani chumba kimoja ila siku ya kubadilishana.

Kenya tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za watu zikivuja na kuna hatari ya kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na wenyewe waambiwe. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kuwaarifu wenyewe si lazima pale kinga ya kutosha ilipowekwa, na inataja usimbaji. Mimi naisoma hivi: diski iliyosimbwa ikipotea, nimepoteza bei ya diski. Isiyosimbwa, nitabisha hodi nyumba kumi na moja.

Usisahau kadi za kamera. Nilikuwa nimefunga diski mbili kama benki huku kadi mbili zikizurura kwenye droo, wazi, na picha zote za kupamba kumoja ndani. Siku hizi kadi haitoki chumbani mpaka inakiliwe kwenye diski zote mbili na kufutwa kikamilifu.

Kila mwezi hufungua diski zote mbili kwa kulichapa neno kutoka kichwani, ili vidole visisahau. Bahasha ya Likoni imefunguliwa mara moja tu. Ilikuwa baada ya Ramadhani, kazi zilikuwa zimesimama, nami nilikuwa nimelisahau neno la nne.