Jinsi ya kuombea chuo vifaa vya shamba bila kontena kukwama Mombasa

Juzi mwalimu mwenzangu wa chuo kimoja huku Hoima, Uganda, kanitumia barua ya kuomba msaada niipitie. Ndani kaandika "tunaomba vifaa vyovyote vya kilimo." Nikampigia, nikamwambia mwalimu, hiyo vyovyote ndiyo itakuletea mashine ya kukamua ng'ombe sitini na nyie mnao wanne. Tukaongea karibu masaa mawili. Nilimwambia hivi:

1. Chagua kifaa kimoja. Mimi ningeomba plau ya diski kabla ya trekta. Mashamba yetu yana visiki, na diski inapanda kisiki inakivuka, ile plau ya ubapa inanasa au inapinda. Halafu plau haili dizeli wala haina betri ya kuibiwa.

2. Andika barua. Ukurasa mmoja, sahihi ya mkuu, muhuri. Sema wanafunzi ni wangapi, eka ngapi, nani atakitunza. Weka picha moja ya wanafunzi wakilima kwa jembe la mkono, usiwapange mstari kama wa harusi.

3. Anza kuomba hapa hapa. Mashamba ya miwa kama Kinyara na Kakira yanafanya kazi na matrekta kila msimu, haro (ile ya kusagia mabonge baada ya kulima) iliyochoka kwao bado inafundishia vizuri tu. Wauza matrekta wa Kampala pia, na klabu za Rotari. Barua peleka kwa mkono, vaa shati safi, ngoja mapokezi mpaka wagonge muhuri kwenye kopi yako. Imeli mimi siziamini kabisa.

4. Kabla ya kusema asante, omba picha ya kibati cha namba, na kama ni trekta au mashine inayozungushwa na trekta, picha ya shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini kwenda kwenye mashine. Hesabu meno. Shafti ya meno 6 ni ya mizunguko 540 kwa dakika, ya meno 21 ni 1000, na mashine ya 1000 ukiifunga kwa Massey Ferguson kuukuu itakaa inakutazama. Pia nenda Katwe au Kisenyi, kule Kampala, uulize spea kwanza. Ukikosa spea, kataa kwa heshima.

5. Kama msaada unatoka nje, soma hapa mara mbili. Sisi hatuna bahari, mzigo mwingi unashukia Mombasa, afu barabara mpaka Malaba, na kila siku ya kuchelewa bandarini mtu anakuhesabia pesa. Kontena letu lilikaa wiki tano. Sababu? Jina tu! Wafadhili waliandika kwenye bili ya ledingi, hati ya meli ya mzigo, jina la mkuu wetu badala ya jina la chuo, wakidhani wanampa heshima, na TIN, namba ya mlipakodi, ni ya chuo, basi karatasi hazilingani, ikabidi kuomba marekebisho kwa wenye meli, kila herufi na gharama yake, mkuu akawa hapokei simu yangu tena. Kwa hiyo watumie jina la chuo kama lilivyo kwenye TIN, herufi kwa herufi, "and" isigeuke "&", na kabla meli haijaondoka wakutumie rasimu uisome wewe mwenyewe, usimwachie sekretari. Thamani wasiandike sifuri eti kwa sababu ni zawadi, forodha lazima wapate thamani, na wakiikadiria wao hutafurahi. Kuitwa msaada hakufuti kodi, kama kuna msamaha uombe URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, mapema ukiwa na barua ya zawadi. Ajenti wa forodha mtafute mzigo ukiwa bado baharini, maana mzigo wa Uganda unatangazwa huku URA wakati wenyewe uko Mombasa. Na muulizane kwa maandishi: nani analipa kutoka Mombasa mpaka getini? Wengi wanalipa meli tu, wanaishia hapo, wanapiga makofi. Ah, na waoshe tope lote, udongo wa kwao usivuke mpaka na magugu yake.

6. Kikifika piga picha, andika kwenye daftari la mali, tuma shukrani wiki hiyo hiyo. Kama kina injini badilisha oili na filta kabla ya kuwasha. Wanafunzi watakuzunguka wakitaka kusikia mlio siku hiyo hiyo. Funguo weka mfukoni.