Kupima nyumba ya kale ya kijijini Uingereza: panda darini kwanza

Nyumba za vijijini Herefordshire na Suffolk hudanganya kwa sura. Mbele unakuta matofali na madirisha ya karne ya 18, kumbe nyuma yake imesimama fremu ya mwaloni ya miaka ya 1400. Ndiyo maana mimi siandiki umri wa nyumba kabla sijaona kenchi zake.

Hatua ya 1: Mwenye nyumba. Kubali chai yake, umuulize wapi pamezibwa na wapi pamebomolewa. Nyingi ya nyumba hizi zinalindwa kisheria, kwa hiyo usikwangue plasta. Ukikuta popo darini, shuka taratibu. Nao wana sheria yao tangu 1981.

Hatua ya 2: Vipimo. Chora ramani kwa mkono kwanza, ndipo utoe futikamba. Sifuri ikae kwenye kona moja, usome kila mlango na dirisha bila kuihamisha. Ukipima kipande kwa kipande, makosa madogo yanajumlishana. Kisha pima kila chumba kimshazari, pembe hadi pembe inayoielekea. Siku moja niliona uvivu nikaruka hilo, nikafika mezani na chumba ambacho kuta zake hazikukutana kwenye mchoro. Ikabidi nirudi maili 30 kwa ajili ya vipimo viwili. Mchoro safi uwe wa skeli ya 1:50, viungo vya mbao 1:20.

Hatua ya 3: Darini. Hapa usiwe na haraka. Mulika kenchi kwa tochi. Zikiwa nyeusi kwa masizi, moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi ukajitafutia njia paani; dohani na ghorofa vililetwa baadaye, mara nyingi karne ya 16. Tazama na ukuta unaogawa dari: ukiwa mweusi upande mmoja tu, basi moto ulikuwa chumba kimoja, kingine kilikuwa cha kulala au ghala.

Sasa tafuta namba za Kirumi kwenye viungo, zilizochongwa kwa patasi. Seremala alikata fremu yote chini, akaitia namba, ndipo akaisimamisha. Nne yake huwa IIII. Ukisoma I, II, IIII, jiulize ya tatu ilikwenda wapi: huenda kipande cha nyumba kiliondolewa, au mbao imebadilishwa.

Hatua ya 4: Kuta. Fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi. Aliyekulia nyumba ya udongo hahitaji somo. Ukuta ukiwa umeshang'olewa, papasa chini ya boriti ya juu: safu ya matundu matupu itakuonyesha ulikopita. Yachore yote.

Hatua ya 5: Nyaraka. Linganisha mchoro wako na ramani za zaka za miaka ya 1840, zilizochorwa kwa ajili ya kukadiria zaka ya kanisa. Nakala moja ipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, nyingine mpe mwenye nyumba, na tarehe uliyopima iwe imeandikwa kwenye kila karatasi.