Jinsi ya kufunga na kutumia mashine ya kukatakata majani bila kuachia vidole humo

Wafugaji wenzangu, hasa nyie wa ng'ombe wa ndani kule Hai, Rombo, Arumeru na Rungwe, hizi mashine za kukatakata majani siku hizi zimejaa na kazi yake inaonekana, mzigo wa majani ya tembo ambao mtu na panga lake anahangaika nao asubuhi nzima unaisha chai haijachemka. Ila wengi ninaowafungia huwa wanauliza kitu kimoja tu, inakata kilo ngapi kwa saa, basi. Mkono ukiingia inakuwaje, hilo hakuna anayeuliza.

Msimamo wangu ni huu: usitegemee uangalifu wa mtu. Saa kumi na mbili jioni umechoka, ng'ombe wanalia, giza linaingia, mtoto anakuita, uangalifu hapo haupo. Funga mashine kwa namna ambayo mkono hata ukitaka kufika kwenye visu haufiki, alafu mengine ndo yafuate.

Nazungumzia ile yenye gurudumu zito lenye visu viwili au vitatu, mbele yake kuna rola mbili zenye meno zinavuta majani, inaendeshwa na injini ya petroli ya hospawa 6.5 au 7, au mota ya umeme ya kilowati 2.2 mpaka 3. Hizo rola ndo shida yenyewe. Kisu kinakata tu, rola ndo inakufuata, ikishashika ncha ya sweta inavuta na mkono wote na wala haiangalii kama ni majani ya tembo au ni wewe.

HATUA YA 1: Mahali pa kuiweka

Sakafu ya zege ndo nzuri, na mashine ifungwe kwa bolti nne zilizozamishwa kwenye zege, sio kuisimamisha tu ukasema ni nzito haitatembea. Itatembea. Gurudumu likishika kasi mashine inatetemeka na kusogea kidogo kidogo, beliti inalegea au inakaa upande. Kama huna zege tengeneza fremu ya mbao nene, ifunge humo, alafu piga vigingi vya chuma kwenye kona zote.

Mdomo wa kutolea uelekee ukutani au kwenye turubai, usielekee njia wala mlango wa banda, kwasababu jiwe dogo likiingia huku linatoka kule kwa kasi. Na anayelisha asimame mahali pakavu pasipoteleza, nyuma yake kusiwe na ndoo wala rundo la mabua la kujikwaa.

Ya petroli usiiweke ndani ya chumba kilichofungwa eti usiku isiibiwe. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua, dirisha moja halitoshi. Paa juu na pande wazi, hapo sawa.

HATUA YA 2: Trei ya kulishia

Chukua futi kamba sasa hivi ukapime trei ya mashine yako, kuanzia ukingo wa nje mpaka zilipo rola. Nyingi nilizopima ni fupi, mtu mzima akinyoosha mkono anazigusa rola bila hata kuinama. India walishapata vilema wengi kwenye mashine za kupura nafaka mpaka mwaka 1983 wakatunga sheria ya mashine hatari, na kiwango chao cha trei ya mashine hizo za kupura ni urefu usiopungua milimita 900, na milimita 450 za upande wa ndani ziwe zimefunikwa juu. Mkono wa mtu mzima toka begani mpaka ncha za vidole ni kama sentimita 70 na kitu, kwahiyo kwenye sentimita 90 rola huzifikii, labda uingie na bega.

Hiki kipimo mi nakitumia kwenye mashine za majani pia. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwambie akuongezee bati trei ifike sentimita 90, nusu ya ndani aifunike kama boksi, na upande wa nje uwe umeinuka kidogo ili majani yateremke yenyewe. Ni bati na masaa machache ya kazi. Mtu ananunua mashine kwa pesa nyingi alafu analalamikia hilo bati, mi huwa sielewi.

HATUA YA 3: Puli na beliti

Kasi ya gurudumu la visu imeandikwa kwenye kibao cha mashine, usiipite. Hesabu yake rahisi: mizunguko ya injini zidisha kwa upana wa puli ya injini, gawanya kwa upana wa puli ya mashine. Mota ya mizunguko 1440 yenye puli ya inchi 4 ukiipeleka kwenye puli ya inchi 8 unapata 720. Injini ya petroli ikiwa resi ya mwisho inafika kama 3600, sasa mtu anatoa mota anaweka injini na puli zinabaki zilezile, gurudumu linazunguka 1800 badala ya 720. Hapo kisu kikichomoka hakuna kava litakalokizuia. Ukibadilisha injini badilisha na puli.

Puli zote mbili zinyooke, weka rula ndefu au kamba iliyokazwa iguse nyuso za puli zote. Beliti ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba ibonyee kama sentimita moja. Alafu kava la beliti lirudi mahali pake kabla hujawasha, maana naona mengi yametundikwa ukutani kama picha.

HATUA YA 4: Umeme, au petroli

Mota ya kilowati 2.2 ya njia moja (singo fezi) inakula kama ampia 14 ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa zaidi ya hapo, kwahiyo plagi ya kawaida ya ampia 13 itayeyuka tu, ni suala la muda. Mwite fundi umeme avute waya wake peke yake toka kwenye meni swichi, milimita 2.5 kama ni karibu, milimita 4 kama banda liko mbali, na breka yake, na ethi ya kweli, sio ule waya wa kijani uliokatwa ukafichwa nyuma ya soketi. Extensheni iliyoviringishwa sahau kabisa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni stata, yaani swichi maalum ya kuwashia mota. Umeme unakatika mashine imejaa majani, mtu anasema ngoja nisafishe, anaingiza mkono, umeme unarudi, mashine inawaka yenyewe kwasababu swichi iko oni. Stata nzuri yenye kitufe cha kijani na chekundu umeme ukikatika inajiachia, ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Ambaye bado hana, umeme ukikatika kitu cha kwanza ni kuzima swichi kisha kushusha breka, ndo mengine yafuate.

Wa petroli: injini mpya mara nyingi inakuja kavu bila oili, soma kile kikaratasi chekundu. Hizi za hospawa 6.5 zinameza kama lita 0.6 ya oili ya SAE 30 au 10W-30. Petroli weka injini ikiwa imezimwa na imepoa. Eya klina igonge vumbi kila siku ya kazi, vumbi la mabua makavu linaziba haraka.

HATUA YA 5: Visu kabla ya kuwasha

Mota shusha breka, injini chomoa kofia ya plagi (ile ya cheche) uiweke mbali na plagi yenyewe. Fungua kava, chomeka kipande cha mbao kwenye spoku za gurudumu lisizunguke. Sasa angalia nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini kilichosimama. Kama huna geji tumia bledi ya msumeno wa chuma, ile ya kawaida ina unene wa kama milimita 0.6. Ipitishe pale katikati: ikipita kwa kubanwa kidogo umepatia, ikipita inacheza majani yatatafunwa badala ya kukatwa na yatajisokota, isipopita kabisa visu vitagongana. Pima kila kisu, mwanzo wa kisu na mwisho wake, ukiligeuza gurudumu taratibu kwa kushika spoku na sio kisu.

Bolti za visu ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani au zaidi. Usiokote bolti yoyote ya kwenye kopo la misumari. Mashine mpya ikishafanya kazi saa moja zima ukaze tena zote, huwa zinajilegeza.

HATUA YA 6: Mavazi na watu

Kanga, kitenge cha kujifunga, skafu, mtandio, sweta la mikono mipana, mkufu, saa ya mnyororo, vyote vinabaki ndani. Mama zetu ndo wanaolisha ng'ombe sana na ndo wenye kanga kiunoni, kwahiyo mama avae suruali au dera alikunje ndani ya ovaroli, nywele ndefu zifungwe zikae ndani ya kofia. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Glavu kama unavaa ziwe za kubana, zile pana za ngozi ni bora mikono mitupu.

Watoto hata kusogeza majani hapana. Na aliyekunywa, hata kama ni mbege kidogo tu ya mchana, siku hiyo akate kwa panga.

HATUA YA 7: Kulisha

Washa ikiwa tupu, subiri gurudumu lishike kasi mpaka mlio ukae sawa, ndo uanze. Simama pembeni ya trei, usisimame mbele ya mdomo wake. Weka majani kiasi cha mkumbatio mwembamba, kitako cha shina kikitangulia, alafu achia. Nasema achia. Kosa kubwa ni kuyasindikiza. Yakigoma, sukuma na mti, mti wa kawaida wenye urefu wa mita moja, usiwe wa chuma, maana mti ukiingia unakatika na maisha yanaendelea.

Sikiliza mlio. Ukianza kuwa mzito simamisha kulisha, iache imalize ilichonacho. Kama ina giya ya kurudisha rola nyuma, jifunze kuipiga bila kuangalia, kila siku kabla ya kuanza ijaribu mara moja ikiwa tupu.

Kabla ya kulisha fungua mizigo yote, toa kamba, waya na sandarusi, mabua yaliyong'olewa na mizizi kata mizizi kwanza maana ina udongo na mawe. Migomba ipasue kwa urefu na uichanganye na mabua makavu, ukiilisha yenyewe nyuzi zinajiviringisha kwenye shafti mpaka beringi inapata moto. Kaliandra na lusina, ile miti ya malisho, sawa, ila tawi lisizidi unene wa kidole, hii sio mashine ya mbao. Mwenye matawi manene ya kahawa au parachichi anataka mashine nyingine yenye visu vifupi vinene, na hapo hapo niseme majani ya parachichi usiwape ng'ombe wala mbuzi, yana sumu, yafanye matandazo shambani. Lantana vilevile.

HATUA YA 8: Ikikwama

Hapa ndo vidole vinapoishia. Zima. Alafu subiri, gurudumu ni zito na linaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mlio kuisha, na visu vikiwa vinazunguka kwa kasi hata huvioni vizuri. Liangalie kwa macho mpaka lisimame kabisa. Shusha breka au chomoa kofia ya plagi. Legeza beliti kama unaweza, kwasababu majani yaliyobana yameweka beliti kwenye mkazo, ukiyatoa ghafla gurudumu linaruka robo mzunguko hata kama hakuna umeme, na robo mzunguko inatosha. Chomeka mbao kwenye spoku. Ndo sasa uvute majani, na uvute kwa koleo au ndoano, sio vidole. Ukimaliza toa ile mbao, funga kava, mwite aliye karibu kwa jina asogee, kisha washa.

KUNOA

Kisu kikiwa butu mtu analazimisha, na akilazimisha anasukuma kwa mkono, kwahiyo kunoa nako ni usalama. Ukiona vipande vinatoka na nyuzi ndefu badala ya kukatika safi, muda umefika. Noa ule upande wenye mteremko tu, upande bapa usiuguse zaidi ya kuondoa makapi ya chuma. Tupa na jiwe vinatosha, ukitumia grenda gusa kidogo ukichovya kwenye maji, chuma kikigeuka bluu ule ugumu umeshaondoka na kisu kitakuwa butu wiki hiyohiyo. Visu vyote vinolewe siku moja na vipimwe kwenye mzani wa jikoni, vikizidiana kwa zaidi ya gramu chache gurudumu linayumba na beringi hazidumu. Kizito kipunguze kwa nyuma, usipunguze kwenye makali, na kisu chenye ufa hata mwembamba kama unywele usikirudishe, nunua seti nzima.