Somo: Kupanga folda za tovuti ya maelekezo yenye lugha nne

Wakuu, salaam. Nimetengeneza tovuti ya maelekezo ya taa za sola na betri za kuvulia dagaa. Duka lenyewe liko Kigoma mjini, ila wateja wengine wanavuka ziwa kutoka Burundi na Kongo. Kwa hiyo kurasa ni za Kiswahili, Kifaransa, Kirundi na Kiha. Folda zimenisumbua kuliko hata tafsiri.

Hatua ya 1: Lugha itangulie, mada ifuate. Mwanzoni niliweka taa/sw, taa/fr, betri/sw, betri/fr. Mtafsiri wa Kirundi alipoomba kazi yake, nikaanza kuokota faili folda moja moja kama anayechambua mchele. Sasa ziko hivi:

sw/betri/kuchaji.html
fr/betri/kuchaji.html
rn/betri/kuchaji.html
haq/betri/kuchaji.html

Mtafsiri anapewa folda moja, anairudisha nzima.

Hatua ya 2: Msimbo wa lugha usibuniwe. Hapa niliumbuka. Kiswahili nilikiita "ki", kumbe kwenye orodha ya ISO 639 (orodha ya kimataifa ya vifupi vya majina ya lugha) hiyo ni ya Kikuyu. Chetu ni sw. Kiha nikakiita "ha", nayo ni ya Kihausa! Kiha hakina msimbo wa herufi mbili, chake ni haq. Msimbo wa nchi nao ni kitu kingine: Burundi ni bi, lakini kwa upande wa lugha bi ni Kibislama cha kule Vanuatu, Bahari ya Pasifiki. Kirundi ni rn. Msimbo huohuo uandike pia ndani ya ukurasa, kwenye lang ya html (sehemu inayotaja lugha ya ukurasa).

Tumia herufi ndogo tupu. Kwenye laptopu yangu ya Windows, Sw na sw zilifunguka sawa. Nilipopandisha kwenye seva ya Linux, nusu ya viungo vikagoma, maana kwa Linux hizo ni folda mbili.

Hatua ya 3: Majina ya faili yasitafsiriwe. Kuchaji ibaki kuchaji hata kwa Kifaransa. Hapo kitufe cha kubadili lugha kinabadilisha neno la kwanza la anwani tu. Wapo wanaotafsiri anwani ili zipatikane vizuri Google, na wana hoja, lakini utahitaji jedwali la kuonyesha faili ipi ni pacha wa ipi. Kwa tovuti ndogo sioni haja.

Hatua ya 4: Picha zikae folda moja, nje ya lugha. Kwenye mchoro wa nyaya weka namba badala ya maneno, maelezo yaandike chini yake; mchoro mmoja utahudumia lugha zote.

Hatua ya 5: Mlango wa mbele. Usimpeleke mtu kwa nguvu kwenye lugha ya simu yake. Simu nyingi huku zimeachwa kwenye Kiingereza, na mwenyewe hata hasomi Kiingereza. Mimi nafungulia Kiswahili, lugha nyingine zinaonekana juu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, ukurasa ambao haujatafsiriwa, ninakili wa Kiswahili niuweke folda ya Kiha?
Jibu: Hapana. Ukirekebisha Kiswahili, ile nakala itabaki na maelekezo ya zamani, na kwenye betri hilo ni hatari. Acha faili isiwepo, kitufe kimpeleke kwenye Kiswahili na mstari mmoja wa kumjulisha.

Swali: Kaka, nikiweka bendera kwenye vitufe si itapendeza?
Jibu: Kifaransa utaweka ya Ufaransa au ya Kongo? Na Kiha? Andika jina la lugha kama wenyewe wanavyoliita: Français, Ikirundi.

Swali: Niko Tabora, naandaa maelekezo ya mizinga ya nyuki kwa Kinyamwezi. Hreflang (alama ya kuionyesha Google kurasa pacha za lugha nyingine) itakubali?
Jibu: Kinyamwezi ni nym. Kwenye hreflang Google inafuata misimbo ya herufi mbili, kwa hiyo usitegemee msaada hapo. Kwenye lang weka nym bila wasiwasi. Na ukurasa wa Kiswahili uwe na kiungo cha wazi kwenda wa Kinyamwezi, msomaji abonyeze mwenyewe.