Kurekodi taarab usiku kucha bila sauti kupasuka

Wengi tunaorekodi taarab za harusi hapa Tanga tunaseti levo (kiwango cha sauti inayoingia kwenye rekoda) mapema, ukumbi wa Ngamiani bado mtupu, bendi inajaribu mitambo, mwimbaji anasema "cheki, cheki" kwa upole, basi mtu anaridhika. Levo hiyo haitakufikisha popote. Ikifika saa saba usiku kinanda kimepanda, besi imepanda, fundi mitambo kila baada ya nyimbo mbili anasukuma fada (kitelezi cha kupandisha sauti kwenye miksa) kwa sababu watu wamejaa na ukumbi ukijaa sauti inamezwa, afu kina mama wanakuja mbele kutunza na kigelegele kimoja tu karibu na maiki kinaruka juu kuliko chochote ulichosikia kwenye majaribio.

Kwa hiyo seti kwa ajili ya saa saba. Muombe mwimbaji aimbe kiitikio cha wimbo wake mkali kuliko zote, kwa nguvu zote, na bendi nzima ipige pamoja, sio mmoja mmoja, halafu shusha geini (kitufe cha rekoda kinachokuza sauti inayoingia) mpaka kilele kiguse kama desibeli hasi 18. Mita itaonekana imelala na mkono utawasha kuongeza, usiongeze jamani! Watu wakishachangamka itafika hasi 10, vigelegele hasi 6, na bado hujagusa sifuri, ukomo wa mita ambapo sauti inakatwa. Ukirekodi kwa biti 24 (chaguo la ubora kwenye rekoda) sauti ndogo sio hasara kabisa, utaipandisha nyumbani kwa utulivu, ila iliyogonga sifuri imeshakatwa na programu za kurekebisha zinakisia tu kilichopotea.

Levo ya otomatiki zima. Kwenye taarab inaua kabisa, maana beti likiisha na ala zikatulia mashine inapandisha yenyewe, unasikia feni na viti vinavyoburutwa, mwimbaji akirudi neno lake la kwanza linapasuka, na taarab ni maneno, mtu akikosa neno amekosa wimbo. Limita, inayobana sauti ikikaribia sifuri, iwashe, ila ichukulie ni ya dharura tu.

Kama unavuta waya kutoka kwenye miksa, muulize fundi waya huo unatoka tundu gani. Tundu la kurekodi kwenye miksa nyingi linafuata fada kuu, yaani akisukuma yeye na wewe unapanda, bora akupe auksi ya kabla ya fada, yaani tundu la pembeni lisilofuata fada zake. Na kwenye rekoda chomeka kwenye lain (tundu la sauti kubwa ya mitambo), usichomeke kwenye maiki, hapo itapasuka hata ukishusha geini yote. Halafu miksa inakupa kilichopita kwenye miksa tu, dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) isiyo na maiki hutaipata, na shangwe za ukumbini hutazipata, kwa hiyo weka maiki mbili za pembeni juu, mbali na spika, kwenye treki zake, yaani zirekodiwe peke yake.

Kwa kilohezi 48, biti 24, stereo, saa moja inakula kama GB 1, na faili la kawaida la WAV mwisho wake GB 4. Rekoda nyingi zinafungua faili jipya zenyewe, hakikisha yako inafanya hivyo kabla ya siku yenyewe. Betri ziwe ndani hata kama umechomeka umeme.

Ukilazimika kugusa geini katikati ya usiku, subiri wimbo uishe emsii aanze kuongea, shusha desibeli 6 kwa mkupuo, sio kidogo kidogo, na andika muda kwenye simu ili nyumbani ujue pa kupandisha.