Ukitaka kuandika historia ya stesheni ya zamani kwenu, anzia kwenye tangi la maji

Hii ni ya yeyote ambaye kwao kuna stesheni ya zamani ya gari la moshi na hataki habari zake zipotee. Mimi zangu ni zile za kaunti ya Makueni, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud mpaka Kima huko juu, nimezizunguka miaka kadhaa sasa na daftari mkononi. Naona watu wanakuja, wanapiga picha ya mlango wenye kufuli na mabati yaliyoshika kutu, wanarusha mtandaoni wanaandika SGR iliua stesheni yetu, basi wameenda. Jamani SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilifunguliwa 31 Mei 2017. Stesheni nyingi za huku zilianza kufa zaidi ya miaka thelathini kabla ya hapo, na shahidi bado amesimama pale pale, ni tangi la maji.

Kwa hivyo ukifika usikimbilie jengo. Tafuta tangi, au kama limeng'olewa tafuta nguzo zake au ule msingi wa mawe lilipokaa. Injini ya mvuke inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na hii nchi kati ya Mtito na Emali ni kavu, sasa reli iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu Disemba 1901 ilibidi ipangiwe pa kunywa njiani. Halafu njia yenyewe ni moja, treni mbili zikija kwa kukabiliana lazima moja iingie pembeni ingojee. Kunywa na kupishana, hizo mbili ndizo zilizaa stesheni nyingi ndogo, abiria walikuja baadaye wakakuta stesheni ipo. Miaka ya 1950 yakaletwa yale majitu ya injini za mvuke za Garratt, daraja la 59, yalikuwa 34, kila moja limepewa jina la mlima. Dizeli zikaanza kuingia 1960 hivi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ukawa umekwisha. Dizeli haina haja ya kusimama kunywa. Tangi likakauka, fundi wa pampu akahamishwa, landi, yaani nyumba za wafanyikazi wa reli, zikabaki tupu nusu, na mama aliyekuwa anauza mayai na ndizi dirishani akaona gari linapita tu. Hiyo ndiyo historia yenyewe, na ukiiandika bila tangi utaiandika vibaya.

Nilienda siku moja na mzee mstaafu, yeye alikuwa faiyamani, yaani mtu wa kutunza moto wa injini, wakati wa mvuke. Tulipofika kwenye nguzo ya bomba la maji hakusema kitu, alishika gurudumu la kufungulia akajaribu kulizungusha, limegoma kabisa kwa kutu, lakini mikono yake ilikaa mahali sahihi bila kutafuta, kulia juu, kushoto chini. Nilipiga picha ya ile mikono. Ndiyo maana nasema nenda na mtu aliyefanya kazi pale, usimhoji nyumbani kwenye kiti, mpeleke pale, maneno yatatoka yenyewe. Muulize kazi zilivyofanyika, siyo historia, maana ukimuuliza mzee "historia ya reli" atakuambia ya shuleni. Muulize alikuwa anaamka saa ngapi, nani alikuwa anagonga kengele, gangi ya kutengeneza njia ilikuwa ya watu wangapi, mataruma yanayobeba reli yalikuwa yanabadilishwa vipi, dereva alikuwa anapewaje kibali cha kuingia njia ya mbele. Rekodi kwa simu ila mwombe ruhusa kwanza, na siku hiyo hiyo taja jina lake na tarehe mwanzo wa rekodi. Mimi nina rekodi mbili nzuri ajabu ambazo sijui tena ni za nani, na mmoja wao ameshafariki, naumia mpaka leo.

Halafu chuma. Reli ina maandishi ubavuni, jina la kiwanda na mwaka, yameinuka kidogo. Yanasomeka vizuri asubuhi jua likiwa chini, ama unapitisha chaki juu yake taratibu herufi zinatokea. Ila kumbuka mwaka wa reli siyo mwaka wa stesheni, reli zinabadilishwa zinahamishwa. Ukiwa huna hakika umesimama kwenye njia gani pima upana, ile ya zamani ni milimita 1000, SGR ni 1435. Na tafadhali usidhani njia ya zamani imekufa, ni mali ya Kenya Railways, omba ruhusa, usitembee katikati ya reli, na usichukue hata msumari. Vyuma chakavu vimetumaliza, mpaka Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara hiyo kwa muda. Bamba la stesheni ambalo wewe utaliokoa na kuliweka nyumbani kwako, kesho watoto watalipeleka kuuza kwa kilo.

Majina ya stesheni yana utamu wake lakini yanadanganya pia. Sultan Hamud ni rahisi, ni Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala 1896 hadi 1902. Kima ndiyo wanaichanganya kila siku na Tsavo, kwa habari ya simba waliokula watu. Simba wa Tsavo ni 1898, wakati daraja linajengwa, na Tsavo siyo Makueni. Wa Kima ni Juni 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alikuwa ndani ya behewa pale stesheni usiku akimvizia simba, usingizi ukamchukua zamu yake, simba akaingia ndani ya behewa akatoka naye dirishani, wenzake wawili Huebner na Parenti wakapona. Lile behewa lipo makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, nenda ukalione kwa macho yako kabla hujaandika. Kuhusu jina lenyewe utaambiwa ni nyama ya kusaga, mwingine atakuambia ni nyani, andika zote mbili na uandike nani kakuambia.

Angalia pia kilichobaki mjini baada ya treni kuondoka. Makindu kuna gurudwara (hekalu la Kisingasinga) iliyojengwa 1926 na Masingasinga wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote anakula pale bure. Wafanyikazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga hii njia, kama 2,500 walikufa, kwa hivyo ukipita makaburi ya zamani karibu na stesheni usiyaruke, nakili kilichoandikwa. Na weka wazi nani alipata nini kwenye SGR: Mtito Andei, Kibwezi na Emali zilipewa stesheni mpya za abiria, Makindu, Sultan Hamud na Kima hazikupewa. Hapo ndipo SGR inaingia kwenye hadithi kwa haki, maana treni ya abiria ya usiku ya njia ya zamani iliisha mwaka huo huo wa 2017.

Karatasi zitafute mwisho ukishajua unatafuta nini. Hifadhi ya taifa ya nyaraka iko Moi Avenue Nairobi, na gazeti rasmi la serikali linapatikana mtandaoni tangu 1899, tafuta jina la stesheni kwa tahajia zote za zamani. Ukiona jengo linastahili kulindwa, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaruhusu litangazwe kuwa turathi ya kitaifa inayolindwa, wapelekee watu wa makumbusho barua yenye picha, vipimo na majina ya wazee.

Ukimaliza chapisha nakala tatu za karatasi, simu inaibiwa. Moja mpe mzee aliyekupeleka, moja shule ya msingi iliyo karibu na stesheni, moja baki nayo, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli mahali, tarehe na majina ya waliomo.